Maji Hayana Miguu

Bi Dirisha anasema aliona kwa macho yake. Alikuwa anaanika shuka upande wake wa ukuta, ukuta ambao mtu akisimama juu ya ndoo analiona jiko la jirani lote mpaka kwenye kabati la vyombo, na siku hiyo, anasema, ndoo ilikuwa pale kwa bahati tu. Akamwona mke wa dereva anatoa kikombe kwenye lile sanduku la kupashia, anakishika kwa mikono miwili, anamgeukia mama mkwe wake aliyekaa mezani, anamwambia, "Haya, kunywa sasa," na hapo hapo anammwagia usoni. Hivyo ndivyo alivyosema mara ya kwanza. Aliposimulia tena dukani, mke wa dereva alikuwa amecheka kabla ya kumwaga. Habari ilipofika kwenye foleni ya bomba alikuwa amemwaga, amecheka, halafu ameufunga mlango ili mama wa watu asisikike nje.

"Ulimwona akifunga mlango?" mmoja wa wenye ndoo alimuuliza.

"Nilisikia kitasa," alisema Bi Dirisha. "Kitasa chao nakijua."

Mke wa dereva, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kijino kwa sababu ya binti yake wa darasa la kwanza aliyebakiwa na jino moja la mbele, aliletewa habari hizo akiwa kwenye cherehani yake katika chumba cha nje. Aliyezileta ni mteja aliyekuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijaguswa na mkasi.

"Si kwamba nakuogopa, fundi," mteja alisema, huku anakunja kitambaa haraka haraka. "Ni kwamba nimebadilisha mawazo kuhusu mshono."

Mama Kijino akamkabidhi na vifungo vyake. Tangu aolewe alikuwa mtu wa kuangalia zaidi kuliko kusema, na zamani watu walikiita kimya chake adabu. Sasa walikuwa wamekipa jina lingine.

Alichokiona yeye kilikuwa hiki. Asubuhi ile gesi iliisha kabla chai haijapikwa. Mama mkwe wake alikuwa mtu wa vitu vya moto. Chai ya vuguvugu aliiita maji ya kuogeshea kichanga. Basi Mama Kijino akachukua maji ya kunywa yaliyokuwa kwenye jagi, yaliyochemshwa na kuchujwa tangu jana yake, akayamimina katika kikombe cha bibi huyo cha kioo, kikombe kipya laini kisicho na mkwaruzo, zawadi ya Wifi, dada wa mumewe, ambacho watu wengine ruhusa yao ilikuwa kukiosha tu. Akakiingiza ndani ya maikrowevu. Mashine yenyewe mumewe aliileta wiki ile kutoka ofisini, wakubwa waliponunua mpya na kuwagawia wafanyakazi za zamani.

Ikazunguka, ikalia, ikazima. Bibi akachungulia kikombe kwa mbali.

"Hayo hayajachemka. Maji yakichemka yanasema. Mimi sijasikia kitu."

"Lakini kikombe kinaunguza, mama."

"Nimekuuliza kikombe? Rudisha."

Akarudisha. Mashine ikalia tena, na maji yalikuwa yametulia vile vile, hakuna povu wala mlio. Katika nyumba ile, na katika nyumba zote alizozijua Mama Kijino, maji ya moto yalijulikana kwa kutokota. Bibi akasonya. "Hilo sanduku la mwanangu limekufa. Rudisha, liache lizunguke mpaka lichoke."

Lilipochoka, Mama Kijino alikishika kikombe kwa kitambaa, akakiweka mezani mbele ya mama mkwe wake. Maji yalikuwa tuli kama kioo cha kujitazamia. Bibi akainama kuyakagua, akachota sukari kijiko kizima, akaimwaga ndani. Hapo maji yakainuka. Hayakupanda polepole kama ya sufuria. Yalishtuka yote kwa pamoja, kama mtu aliyeguswa usingizini, yakatoka kikombeni na kumrukia usoni, shingoni na kwenye mkono wenye kijiko. Mama Kijino alinyoosha mikono yote miwili kumvuta, na yeye akaungua kiganja. Mikono hiyo, iliyonyooka kuelekea kwa mkwe, ndiyo aliyoikuta Bi Dirisha alipopanda juu ya ndoo yake baada ya kusikia ukelele.

Na ubaya ulikuwa kwamba siku moja kabla kulikuwa na maneno. Bibi alitaka chumba cha nje kiwe chake, cherehani ihamie barazani, ipigwe na jua na vumbi. Mama Kijino alisema, kwa sauti ya chini lakini si ya chini vya kutosha, "Haya, mama. Mtaona." Alikuwa na maana kwamba wataona nani atakayeleta nguo zake barazani kupigwa vumbi. Lakini neno likishavuka ukuta, halirudi kuulizwa lilikuwa na maana gani.

Hospitalini Mama Kijino na mumewe walimkuta bibi amefungwa bandeji kichwani, macho yamefunikwa, mdomo peke yake nje. Wifi, dada yake dereva, alikuwa ameshika nafasi yote ya kando ya kitanda. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya barabara, na hata wodini hakuipunguza.

Mama Kijino alikuja na chupa ya uji. Aliushika uji kwa mkono mzima, ule mwingine umefungwa kitambaa.

"Weka chini," alisema Wifi. "Na huo mkono umefanya nini?"

"Uliungua siku ile ile, wifi. Nilipokuwa namvuta mama."

"Uliungua kwa kumvuta au kwa kumwaga? Mtu akimwaga maji ya moto na yeye yanamdondokea. Hilo hata mtoto anajua."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuza vichwa. Mmoja aliyekuwa akijifanya amelala akafumbua jicho moja.

"Wifi, nimeshasema. Mama alitia sukari, maji yakaruka."

"Yakaruka!" Wifi akapiga makofi mara moja. "Jamani mmesikia? Maji yalikaa kwenye kikombe yakajiambia, ngoja nimrukie mama wa watu. Yana miguu? Nakuuliza wewe fundi wa nguo, maji yana miguu?"

Yule aliyefumbua jicho akacheka, akashika mbavu zake zilizokuwa na plasta. Baba Kijino alikuwa amesimama dirishani, anaangalia nje, funguo za gari la ofisi zinazunguka kidoleni mwake. Mkewe akamtazama. Zile funguo zikaacha kuzunguka, lakini yeye hakugeuka.

Wifi akafungua chupa, akamimina uji kwenye kifuniko, akamsogezea aliyeuleta. "Kunywa wewe kwanza."

"Wifi..."

"Kunywa. Kama ni uji, utakunywa."

Mama Kijino akanywa mbele ya wodi nzima, amesimama, kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo. Ulikuwa wa moto, lakini aliumaliza. Wifi akamkagua uso, akangoja, akaona hakuna kinachotokea. Halafu akachukua chupa, akaenda nayo mpaka kwenye sinki la kona, akaumwaga wote.

"Basi kwa nini umeninywesha?" aliuliza Mama Kijino.

"Nilitaka nione kama utakataa."

Mama Kijino akapiga magoti kando ya kitanda. Alijua bibi ameamka, kwa jinsi vidole vilivyokuwa vikichezea pindo la shuka. "Mama," alisema, "ulikuwa umeshika kijiko. Waambie tu kwamba kijiko ulikishika wewe."

Vidole vikaacha kucheza. Machozi yakamtoka Mama Kijino, mpaka muuguzi akaja kuuliza kama huyu anayelia ni ndugu wa karibu.

"Mimi nakumbuka mikono yako," alisema bibi kutoka ndani ya bandeji. "Mingine siikumbuki."

Wifi alihamia nyumbani kwa kaka yake na begi la nguo na kufuli. Kufuli lilikwenda kwenye kabati la vyakula. Gesi iliyojazwa alipikia yeye. Mama Kijino akitaka maji ya kumuogesha mtoto aliomba, na Wifi aliyachota yeye, akayapima kwa kiwiko, akambeba Kijino bafuni mwenyewe.

"Shangazi, mama ndiye huniogesha," alisema Kijino.

"Mama amechoka."

"Hajachoka. Amekaa tu pale anatuangalia."

Maikrowevu ilikuwa bado jikoni, juu ya meza yake, lakini Baba Kijino alikuwa ameing'oa kwenye umeme tangu jioni ya siku ya ajali na kuifunika shuka kuukuu, mfano wa maiti. Mama Kijino aliliona hilo, akaliweka moyoni. Aliona pia kwamba mumewe akiingia jikoni kuchukua maji ya kunywa, anapita upande wa ukutani, mbali na meza ile, ingawa njia fupi ilikuwa kando yake. Mtu anayeamini kwamba mkewe ndiye aliyemwaga, alifikiri, angenikwepa mimi. Huyu anakwepa sanduku.

Usiku wakilala alimuuliza. "Baba Kijino, wewe unaniamini?"

"Mimi sijasema kitu."

"Ndiyo. Hujasema kitu. Ndiyo maana nauliza."

"Jumapili wajomba watakuja. Tutakaa, tutazungumza kama watu wazima."

"Watazungumza nini?"

Alivuta shuka. "Wifi yako anaona ingekuwa vizuri upumzike kwenu kidogo."

"Na Kijino?"

"Kijino ana shule."

Mama Kijino alilala amefumbua macho. Kupumzika kwenu kidogo alikujua. Jirani yao wa nyumba ya kona alikwenda kupumzika kwao kidogo, na mwanawe sasa anamwita mama mtu mwingine. Akamsikiliza mumewe anavyopumua. Hakuwa na pumzi ya mtu aliyelala.

Siku moja kabla ya kikao, mchana, Wifi akiwa amekwenda hospitali kumchukua bibi, mlango ulibishwa na mgeni. Alikuwa dada wa mapokezi wa ofisini kwa kina Baba Kijino, mwenye viatu virefu na mfuko wa sabuni na sukari, amekuja kumwona mgonjwa na kuwapa pole.

"Pole sana, shemeji. Dereva alituambia mama ameungua tu, hakufafanua. Ni jiko la gesi?"

"Ni chai," alisema Mama Kijino. Alikuwa amejifunza kutosema zaidi.

Mgeni alikaa, akapewa maji, akatafuta cha kuongea. Kijino alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, anafanya hesabu za shule kwa vijiti vyake vya mbao, vile bapa vyembamba. Alivipanga, akavitenga, akavihesabu kwa kidole huku anapuliza hewa kwenye pengo la jino lake.

"Eti wewe, mbona vijiti vyetu umevileta huku?" Dada wa mapokezi alicheka. "Hivyo si vya maji?"

"Vya hesabu," alisema Kijino.

"Vya hesabu kwako. Kwetu ni vya maji. Vilikuwa kwenye mfuko pamoja na ile mashine." Akamgeukia mwenyeji wake. "Si mliichukua nyinyi ile maikrowevu ya zamani? Pale ofisini hakuna anayepasha maji bila kuweka kijiti ndani ya kikombe. Unaweka kijiti, unapasha kidogo tu, ikizima unayaacha yakae kwanza. Na uso wako unauweka mbali. Amri ya bosi, tangu yale ya mhasibu."

Mama Kijino aliweka chini bilauri aliyokuwa ameishika. "Mhasibu alifanyaje?"

"Hee, hukusikia? Alipasha maji, akayasahau, akayapasha tena. Akayatoa yametulia kabisa, ukiyaona ungesema ya bomba. Ile kutia kahawa tu, yakamrukia. Uso wote! Tulidhani amepigwa na umeme. Wakaja watu wa usalama kazini wakatuambia mashine haina kosa, yoyote ingefanya hivyo. Ni maji yanapita kiwango cha kuchemka bila kutokota, hasa kikombe kikiwa laini na maji yakiwa yamekwisha kuchemshwa. Ukiyagusa na kitu, yanafoka yote. Kijiti kinayasaidia yatokote mapema." Akanywa maji yake. "Lakini shemeji, hayo yote dereva anayajua. Yeye ndiye aliyemkimbiza mhasibu hospitali. Mpaka kiti cha gari kililowa."

"Anayajua," alisema Mama Kijino.

"Hakukwambia?"

"Amesahau."

Mgeni akamtazama, kisha akatazama kiganja chake chenye kitambaa, na mlango wa jikoni, na lile umbo lililofunikwa shuka. Alikuwa mtu wa mapokezi. Kazi yake ilikuwa kujua nani amekuja kwa shida gani kabla hajaulizwa. Akasimama, akarekebisha mkoba begani.

"Unaweza kuja kesho uyaseme haya mbele ya wajomba?" Mama Kijino aliuliza.

"Shemeji." Dada wa mapokezi alishusha sauti. "Dereva ni mwenzangu wa kazi. Na mambo ya familia... Kamuulize mwenyewe. Akikuheshimu atasema."

Viatu vyake vikagonga ngazi kwa haraka kuliko vilivyokuja. Mama Kijino akachutama sakafuni karibu na mwanawe, akaokota kijiti kimoja.

"Baba alikupa hivi lini?"

"Siku ile alipoleta sanduku. Alisema vitanifaa shuleni." Kijino akanyoosha kiganja. "Mama, nirudishie. Bila hicho jibu linakosewa."

Jioni ile alingoja mumewe aseme. Alimwekea maji ya kuoga, akampa taulo, akakaa mahali ambapo mtu mwenye neno angeweza kulisema. Dereva alimuuliza mgeni aliyekuja ni nani. Alipoambiwa ni dada wa mapokezi, alisimama na taulo begani kama mtu aliyeitwa kwa nyuma.

"Alisema nini?"

"Alileta sukari."

Akamtazama sana. Akaenda kuoga, akaoga muda mrefu.

Wajomba wawili walikuja Jumapili baada ya adhuhuri, wamevaa makoti ya shughuli, wakakalishwa sebuleni. Bibi alikaa kwenye kiti chenye mto, nusu ya bandeji imeondolewa, ngozi ya shavu imekuwa ya rangi nyingine. Bi Dirisha naye alikuwepo. Aliitwa kama shahidi, akavaa kama mtu anayekwenda harusini. Wifi aligawa viti. Begi la Mama Kijino lilikuwa limekwisha kufungwa na kuwekwa barazani, na hakuwa amelifunga yeye.

Mama Kijino alikuwa jikoni. Alikuwa ameliondoa lile shuka kuukuu, akalikunja vizuri, akachomeka waya ukutani. Kikombe cha bibi cha kioo kilikuwa hakijaguswa na mtu tangu siku ile. Alikiosha, akakijaza maji ya jagi, akakiingiza. Mashine ikazunguka, ikalia. Akaizungusha tena. Ikalia tena. Akaizungusha tena.

Huo mlio ndio uliomleta mumewe. Alisimama mlangoni.

"Wanakungoja," alisema. Halafu akaona taa ya mashine. "Unafanya nini?"

"Napasha maji."

"Gesi ipo."

"Ipo, lakini dada yako hataki niiguse." Mashine ikalia mara ya mwisho, ikazima. Mama Kijino akaufungua mlango wake kwa urefu wa mkono, akasogea pembeni. Hakukigusa kikombe. Mle ndani maji yalikuwa safi na yametulia, hayana hata tone la povu. Akachota sukari kwenye kopo, kijiko kizima, akamnyooshea mumewe. "Tia."

"Acha mchezo."

"Si mchezo. Mimi nilimmwagia mama, sivyo? Basi hayo ni maji tu, yamekaa kikombeni. Tia sukari, nami nitabeba begi langu, sitasema neno."

Kutoka sebuleni Bi Dirisha alikuwa ameanza. "Nilikuwa naanika shuka..." Mjomba mmoja akakohoa.

Dereva aliangalia kijiko. Aliangalia kikombe. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Mama Kijino," alisema taratibu, "ufunge huo mlango. Yaache yapoe."

"Kwa nini yapoe? Hata hayajachemka. Maji yakichemka yanasema."

Hapo Kijino akaingia kwa mlango wa uani, vijiti vyake mkononi, akaona taa ya mashine inawaka na kikombe cha bibi ndani yake. Akanyoosha shingo ili aone vizuri. "Ni chai ya bibi?" aliuliza, akapiga hatua.

Baba yake aliruka. Alimdaka mtoto kiunoni, akamvuta nyuma kwa nguvu hadi vijiti vikamwagika sakafuni, akageuka akampa mashine mgongo, kifua chake kimemfunika mtoto kichwa chote. Alibaki hivyo, ameinama, anahema, anangoja kitu ambacho hakikutokea.

Mama Kijino hakusogea. Sukari yake haikumwagika hata chembe.

"Umemvutia nini?" aliuliza. "Maji hayana miguu."

Dereva aliinua uso. Macho yao yakakutana, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ajali hakuyakwepesha. Alikuwa na sura ya mtu aliyekamatwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Ningesema," alinong'ona, "wangesema mimi ndiye nimemuunguza mama. Kwamba nilijua, nikaleta."

"Kwa hiyo ukaona bora niwe mimi."

"Baba, unanibana," alisema Kijino kutoka kifuani mwake.

Sebuleni Bi Dirisha alikuwa amefika kwenye kucheka, anakaribia kwenye kitasa. Sauti ya Wifi ikapasua ukuta: "Kaka! Mlete huyo mtu wako, wajomba wana safari!"

Mama Kijino alikirudisha kijiko kwenye kopo la sukari. Akaufunga mlango wa mashine polepole, kwa ncha ya kidole, akachomoa waya. Akachutama, akaokota vijiti kimoja kimoja, akavifuta vumbi kwa khanga, akavishika vyote kwenye kiganja chenye kitambaa. Akasimama mbele ya mumewe, karibu kabisa, akamnyooshea.

"Nenda navyo," alisema. "Waonyeshe ni vya nini. Mama yako yuko pale, anasikia. Waambie kama ulivyomvuta mtoto sasa hivi, basi. Sikuombi kingine."

"Kaka!" Wifi aliita tena.

Dereva alimtua mtoto chini. Mikono yake ilikuwa mitupu sasa, imening'inia kando ya suruali. Aliviangalia vile vijiti. Aliuangalia mlango wa sebuleni, ambao kupitia pazia lake ilionekana miguu ya mama yake katika ndala, imetulia. Kijino alisimama katikati yao, akimwangalia huyu na huyu, akingoja apewe vitu vyake.

Nyuma yao, ndani ya mashine iliyozimwa, maji yalikuwa yametulia vile vile. Mkono wa Mama Kijino ulibaki umenyooka.